TAFAKARI YA JUMA: KAMERA HAISOMI KWA NIABA YETU



Tafakari ya juma hili tumeiandika kwa uchungu, na kabla ya kumlaumu mtu yeyote hatuna budi kukiri kwamba sehemu ya lawama ni yetu wenyewe. Miezi michache iliyopita vijana tisa wa hapa kwetu walijikusanya wakaazimia kutengeneza insha ya video. Kwa yule ambaye jina hilo ni geni kwake, insha ya video ni kazi inayojenga hoja kama ijengavyo insha ya darasani, ila hutumia picha, sauti na maneno ya msimulizi, kisha huwekwa mtandaoni ili kila mwenye simu aitazame. Si taarifa ya habari, wala si mchezo wa kuigiza. Ni hoja inayoonekana na kusikika.

Vijana hao walichagua mada iliyo karibu na nyumbani: Mradi wa Karanga wa Kongwa, ule ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 katika nchi iliyoitwa Tanganyika, ukaachwa mwaka 1951. Walifanya kazi kwa majuma mawili. Video ilikuwa ya dakika 11, yenye muziki mzito, herufi zinazoruka na sauti tulivu ya binti mmoja hodari wa kusoma. Walituletea tuitazame kabla ya kuirusha. Tuliitazama, tukaisifu, tukawapongeza mbele ya watu. Hatukuwauliza hata swali moja dogo: haya mmeyatoa wapi?

Jumapili moja alasiri video ilionyeshwa ukumbini. Ilipofika dakika ya saba, msimulizi alisema kwamba mradi ulishindwa kwa sababu wenyeji walikataa kufanya kazi, na papo hapo yakaonekana matrekta makubwa yakikatiza shamba la ngano lililotanda hadi upeo wa macho. Mzee mmoja aliyeketi mstari wa mbele, ambaye amekwisha kuvuka miaka 80, akanyanyua fimbo yake. Video ikasimamishwa.

"Wajukuu zangu," alisema, "hapo si Kongwa. Kongwa ile ilikuwa miiba na mibuyu. Na huyo anayesema tulikataa kazi, ni nani aliyemwambia? Baba yangu aling'oa visiki pale mpaka mikono ikatoka damu. Mimi nilikuwa mtoto, nikimpelekea maji. Watu hawakukataa. Ardhi ndiyo iliyokataa."

Ukumbi ulinyamaza. Binti aliyesoma maneno yale akaenda akapiga goti mbele ya mzee. "Shikamoo, babu. Utusamehe. Hatukuyatunga sisi. Tuliiuliza simu, ikatuandikia."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo lilipo jambo. Wajukuu wamewatukana babu zao, kwa sauti yao wenyewe, kwa Kiswahili fasaha, tena kwa muziki mzuri. Tuhuma ya kwamba Mwafrika ni mvivu ni tuhuma ya kale. Wakoloni waliitumia kila mipango yao ilipokwama. Leo haihitaji mkoloni wa kuisema. Inatosha kijana asiyesoma, programu ya akili mnemba inayokusanya maneno yaliyotapakaa mtandaoni, na mlezi anayepiga makofi bila kuuliza. Mlezi huyo, katika kisa hiki, ni sisi.

MATREKTA KWANZA, UDONGO BAADAYE

Baada ya aibu ile tulifanya jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo: tulisoma juu ya mradi wenyewe. Tulichokikuta kinatisha kwa jinsi kinavyofanana na kisa chetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe wa wataalamu ukiongozwa na John Wakefield ukatumwa mwaka huohuo, ukazunguka kwa majuma machache tu, sehemu kubwa ukitazama nchi kutoka angani, kisha ukarudi na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika miaka 6. Matrekta yakaletwa, mengi yakiwa masalia ya vita yaliyochakaa. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ulipopigwa na jua la kiangazi ukawa mgumu kama tofali, karanga zikanaswa ardhini. Mvua hazikutii ratiba. Mradi ulipoachwa mwanzoni mwa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kumeza takriban pauni milioni 36.

Je, mwenyeji hakujua kwamba mahali pale pana ukame? Alijua. Wagogo wameishi na ukame huo vizazi na vizazi. Waliopanga hawakuona haja ya kumwuliza. Walinunua mashine kwanza, wakauchunguza udongo baadaye.

Sasa tuwatazame vijana wetu. Walitafuta simu nzuri kwanza. Walijifunza programu ya kuhariri, wakachagua muziki, wakachagua rangi za herufi. Kusoma kukabaki kwa baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Mradi wa karanga ulikufa kwa kukosa utafiti, na video juu ya mradi huo imekufa kwa ugonjwa uleule. Tofauti ni kwamba mradi uliwatia hasara Waingereza, na video imewatia aibu wazee wetu.

TUNAWALAUMU NANI?

Kwanza, tunawalaumu waendeshaji wa mafunzo ya siku mbili tatu ambayo sasa yametapakaa mijini na vijijini. Kijana hufundishwa namna ya kuishika simu, kuweka taa, kuchora kijipicha cha kuvutia watazamaji na kuchagua saa nzuri ya kurusha kazi yake. Hurudi nyumbani na cheti. Katika mafunzo hayo hakuna saa hata moja ya kufundishwa namna ya kukitumia kitabu, namna ya kumhoji mzee, wala namna ya kutambua picha imepigwa wapi na nani. Huko ni kumkabidhi mtu jembe pasipo kumwonyesha shamba.

Pili, tunailaumu desturi ya shule zetu. Insha, ambayo ilipaswa kuwa chuo cha kufikiri, imegeuzwa kuwa mashindano ya kukariri methali za kufungulia na kufungia. Mwanafunzi hupata alama kwa mwandiko na misamiati, haulizwi ushahidi. Atawezaje kuijenga hoja kwa picha yule ambaye hakupata kuijenga kwa kalamu?

Tatu, tunajilaumu sisi tulio wakubwa. Tumegawanyika makundi mawili, na yote mawili hayafai. Wapo wanaoidharau kazi hii na kuiita mchezo wa watoto. Wapo wanaoistaajabia mno kiasi kwamba kila kinachong'aa kwenye kioo cha simu hukipigia makofi. Anayedharau na anayestaajabu wanafanana kwa jambo moja: hakuna anayekaa na kijana akamwuliza maswali.

KAZI HII INA WAKUBWA WAKE

Anayedhani insha ya video ni upuuzi wa jana na ajue kwamba ina ukoo. Mwaka 1948 Mfaransa Alexandre Astruc aliandika kwamba kamera itakuwa kalamu, yaani mtu ataweza kuandika mawazo yake kwa picha kama aandikavyo kwa wino. Miaka kumi baadaye, Mfaransa mwingine, Chris Marker, alitoa filamu yake juu ya Siberia. Humo kuna sehemu ambayo kila mwanafunzi wa kazi hii angepaswa kuitazama. Picha zilezile za mtaa wa mji wa Yakutsk, zenye basi, gari la fahari na mafundi wanaosawazisha barabara, zinarudiwa mara 3. Mara ya kwanza msimulizi anausifu utawala wa Kisovyeti, mara ya pili anaulaani, mara ya tatu anajaribu kutopendelea upande wowote. Picha hazikubadilika hata chembe, lakini mtazamaji anaona miji mitatu.

Mhakiki André Bazin, katika mwaka 1958 ambao ndio aliofariki, alieleza kwamba katika kazi ya Marker mtazamaji huongozwa kutoka sikio kwenda jicho. Neno ndilo linaloiambia picha imaanishe nini. Ndiyo maana shamba la ngano la nchi ya mbali liliweza kuwa Kongwa kwa dakika nzima: msimulizi alisema ni Kongwa, nasi tukaona Kongwa. Tungebaki tunaona hivyo hadi leo kama mzee yule asingekuwa na fimbo. Uwezo huo ni mkubwa mno kupewa mtu asiyefundishwa uaminifu.

Mwaka 1972 John Berger alionyesha katika runinga ya BBC, kwa vipindi 4, jinsi mchoro unavyobadilika maana kwa kubadilisha sauti na maneno yanayouzunguka. Nao Tony Zhou na Taylor Ramos, waliotengeneza insha za video juu ya sanaa ya filamu kati ya mwaka 2014 na 2016, walipoeleza jinsi walivyofanya kazi waliwaasa wanafunzi waende maktaba, kwa kuwa anayetafuta mahali wanapotafuta wote atasema wanayosema wote. Walikumbusha pia kanuni ya mafundi: kazi iwe ya haraka, ya bei nafuu na bora, lakini utapata mawili tu kati ya matatu. Wao hawakuwa na fedha, na walitaka ubora. Kwa hiyo wakaiacha haraka. Vijana wetu nao hawana fedha. Wafanye hesabu hiyo.

NJIA TUNAYOIPENDEKEZA

Hatupendi kulaumu bila kuonyesha njia. Tuchukue mada ileile ya karanga, tuipitishe katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni utafiti. Kianzio ni kitabu. Alan Wood, aliyewahi kuufanyia kazi mradi huo, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1950, nacho ni The Groundnut Affair. Kisha nyaraka: mpango rasmi uliochapishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 unasomeka hadi leo, na kumbukumbu za utawala zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Taifa Dar es Salaam na katika hifadhi ya Kew, London. Kisha picha za wakati ule. Mwaka 2014 shirika la British Pathé liliweka mtandaoni takriban filamu 85,000 za habari za zamani, na iko orodha ya wazi ya filamu za makoloni ya Uingereza yenye maelezo ya maelfu ya filamu. Lakini asidhani mtu kwamba picha ya zamani ni kweli kwa sababu ni ya zamani. Aulize: nani alipiga, alilipwa na nani, alikusudia kumshawishi nani? Filamu za habari za wakati ule zilitengenezwa kwa ajili ya Mwingereza aliyekuwa akitozwa kodi na kusubiri mafuta ya kula. Mwisho, wazee. Nao waulizwe mapema, maana maktaba itakuwapo mwakani, na mzee hatuna hakika.

Hatua ya pili ni kuikuza hoja. "Mradi wa Karanga" ni mada, si hoja. Hoja ni sentensi moja ambayo mtu mwenye akili anaweza kuipinga. Mathalani: mradi ulishindwa kwa sababu waliopanga hawakumwuliza aliyeishi pale. Kijana akishaipata sentensi hiyo, aandike mswada katika safu tatu: maneno ya msimulizi, picha itakayoonekana, na chanzo cha kila dai. Safu ya tatu ikiwa tupu, dai hilo lisisomwe. Tunasema hili bila kumung'unya maneno: kama safu hiyo ingekuwapo, maneno ya dakika ya saba yasingefika ukumbini, na sisi tusingekuwa tunaandika tafakari hii.

Hatua ya tatu ni kutengeneza. Hapa simu ya kawaida inatosha. Sauti itangulizwe, kwa maana mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti yenye mwangwi humkimbiza; chumba chenye nguo na mablanketi ni studio ya maskini. Mazoezi yaanze kwa kazi ndogo. Katika Chuo cha Middlebury, Marekani, ambako tangu mwaka 2015 wasomi wamekuwa wakikutana kujifunza uandishi huu wa picha, zoezi la kwanza ni la dakika moja tu: vipande 10 vya filamu moja, kila kimoja sekunde 6 kamili, juu ya kipande kimoja cha sauti kisichokatwa, bila madoido. Mwanafunzi hujifunza kwamba kuweka picha kando ya picha nyingine tayari ni kusema neno. Na pale picha ya mahali penyewe inapokosekana, iandikwe wazi kwenye kioo kwamba hii ni picha ya mahali pengine. Mistari miwili ya maandishi ingeuokoa uaminifu wa kazi nzima.

JUU YA WIZI

Lipo jambo jingine ambalo vijana huliona dogo. Mwezi Desemba 2023 mtengenezaji wa Kiingereza, Harry Brewis, alitoa video ya karibu saa 4 akionyesha, kwa kuweka maneno kando ya maneno, jinsi baadhi ya watengenezaji wa insha za video walivyokuwa wakisoma maandishi ya watu wengine kana kwamba ni yao. Waliofanya hivyo walikuwa na watazamaji wengi na kipato. Walioandika yale maneno hawakutajwa hata majina.

Tunawauliza vijana wetu: je, kuiba kuku na kuiba aya kuna tofauti gani, isipokuwa kwamba aya hailii? Aliyekesha akiandika naye ana watoto. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya hapa Tanzania haimkatazi mtu kunukuu. Inamtaka anukuu kwa kiasi cha haki na kutaja chanzo na mwenyewe. Kutaja hakumpunguzii mtu heshima. Mtazamaji anayesikia "haya tumeyapata kwa fulani" hujua kwamba amekaa na mtu mkweli.

WATAKAYOTUJIBU

Watasema: watazamaji hawana subira, wanataka vitu vifupi. Ufupi si tatizo. Uongo wa dakika 1 na uongo wa saa 4 ni uongo, na zoezi la Middlebury ni fupi kuliko nyimbo nyingi.

Watasema: akili mnemba ipo, kwa nini tuteseke maktabani? Hatuikatai. Inaweza kusaidia kupanga orodha, kunyoosha sarufi, hata kuandika maneno ya mahojiano yaliyorekodiwa. Lakini programu ile haikumpelekea mtu yeyote maji Kongwa. Ikimaliza kusema, mwenye jina chini ya video ni kijana, na mwenye kuulizwa ni kijana. Anayekodi mdomo asishangae ukimtukania babu yake.

Watasema mwisho: hao ni watoto tu, mnawavunja moyo. Sisi tunaona kinyume chake. Anayemvunja moyo kijana ni yule anayemsifia kazi mbovu hadi aumbuke mbele ya ukumbi. Kumkosoa mtu mapema ni kumheshimu.

Tumalizie kwa yaliyofuata. Juma lililopita binti yule na wenzake wawili walikwenda nyumbani kwa mzee wakiwa na simu, daftari na kilo mbili za sukari. Wakakaa naye kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mzee hakuikumbuka miaka kwa tarakimu, lakini aliwatajia wanaume kumi na wanne waliofanya kazi na baba yake, mmoja mmoja, na vijiji walikotoka. Nyaraka za London zina miaka na pauni. Majina hayo kumi na manne hatujayaona katika kitabu chochote. Hivyo kila upande unauhitaji mwingine, na insha ya kweli juu ya Kongwa itapatikana pale viwili hivyo vitakapoketi pamoja.

Video ya kwanza imeondolewa na mahali pake pamewekwa maelezo ya kosa na maombi ya radhi. Lakini mamia ya watu walikwisha kuitazama, na wengine waliisambaza katika simu za wenzao. Hao hatuwezi kuwaita warudi. Hilo litufundishe uzito wa kubonyeza kitufe cha kurusha.

Vijana wamejipa miezi minne kwa ajili ya kazi mpya. Safari hii wametuomba tuwe wasomaji wa safu ya tatu, nasi tumekubali. Tunawaomba nanyi, wazazi na walimu, kila mmoja kwa vijana alio nao: kabla ya kupiga makofi, ulizeni yametoka wapi.

Tafakari njema, na tukutane tena juma lijalo.